Kimyanga imemaliza Supa yangu, mpunga pori wa mtaroni uko kijani. Kwa nini?

#1 Mngeta Kwetu
Wakuu, habari za kazi. Nalima Mngeta, bonde la Kilombero. Msimu huu kimyanga, ule ugonjwa wa kirusi wa mpunga, imenishika vibaya. Mpunga wa mbegu ya Supa niliopandikiza ulishika vizuri, baadaye majani yakaingia umanjano wa michirizi, mashina yakadumaa, na masuke yaliyofanikiwa kutoka yametoka nusu nusu, mengine yamenasa kwenye ala ya jani. Ukilishika suke kiganjani halina uzito, mapepe matupu.

Sasa kinachonisumbua akili ni hiki. Mtaro unaopakana na majaruba yangu umejaa mpunga pori, umesimama kijani kibichi, kimo unanizidi, na umeshaanza kupukutisha mbegu. Maji ni yale yale, wadudu ni wale wale. Bwana shamba kasema ng'oa wote choma. Kijana mmoja aliyesomea kilimo kaniambia usiuguse, una kinga ambayo watafiti wanaitafuta. Nani nimsikilize? Na kama kinga ipo pale mtaroni, kwa nini mbegu tunazonunua hazina?

#2 Bwana Shamba Mstaafu
Ng'oa. Nimefanya ugani Usangu na Kilombero hadi nastaafu, sijaona gugu linalomshinda mkulima wa mpunga kama hilo. Una mashina yanayotambaa chini ya udongo. Ukipitisha trekta unayakatakata, na kila kipande chenye pingili kinatoa mche wake. Yaani umelima kumbe umepanda. Mbegu zake zinakomaa kabla ya zako na kupukutika zote jarubani, hivyo wakati wa kuvuna huzioni, utazikuta mwakani. Na ukiwa mchanga unafanana na mpunga wako kiasi kwamba vibarua wa palizi wanauruka. Nimeona watu wamehama mashamba kwa ajili yake.

Hayo ya kinga ni mambo ya maabara. Wewe una watoto wa kulisha.

#3 Binti Kyela
Pole sana #1. Mimi naona jibu ni rahisi: mpunga pori haukupandikizwa. Hakuna mtu aliyeung'oa kitaluni, akaufunga mafungu, akaukata ncha za majani na kuushika kwa mikono iliyotoka kushika miche migonjwa. Kimyanga inapita kwenye majeraha. Huku kwetu waliochukua miche kutoka kitalu kimoja cha jirani waliugua wote, tena kwa mistari, unaona kabisa fungu lilipoishia.

#4 Mzalisha Mbegu
Naingia kidogo maana ndiyo kazi yangu.

Mleta uzi, kwanza tujue ni mpunga pori upi. Afrika ina jamii kadhaa za mpunga wa porini. Nenda mtaroni, chimba shina moja. Ukikuta mashina meupe, manene, yenye ncha kali yanatambaa chini, halafu ukivuta jani polepole pale linapokutana na shina ukaona kiulimi kirefu cheupe kilichochongoka, huo ni Oryza longistaminata. Ukikuta mizizi ya kawaida tu na kiulimi kifupi kilichokatika butu, huenda ni Oryza barthii, ambao ni wa msimu mmoja. Upo pia Oryza punctata, punje zake ndogo zaidi. Si ndugu sawa. Wawili wa kwanza wako karibu sana na mpunga wetu kiurithi, punctata yuko mbali na kumchanganya na mpunga wa shambani ni shughuli nzito.

Kuhusu thamani, mfano mmoja unatosha. Miaka ya 1970 Asia ya kusini na mashariki ilipigwa na kirusi kinachodumaza mpunga ukawa kama nyasi. IRRI, taasisi ya kimataifa ya mpunga iliyoko Ufilipino, walikagua aina zaidi ya 6,000 kutafuta kinga. Iliyowapa kinga ya maana ilikuwa moja: Oryza nivara, mpunga wa porini kutoka jimbo la Uttar Pradesh, India. Kinga yake ikaingizwa kwenye mbegu zikiwemo IR36, na IR36 ikaja kulimwa kwenye mamilioni ya hekta. Sasa fikiria kama yule wa Uttar Pradesh angekuwa ameng'olewa na kuchomwa kabla hajakusanywa.

#5 Ng'ombe Hamsini
Sisi wafugaji tunaupenda. Kiangazi nyasi nyingine zimekufa, ule bado una majani mabichi sehemu zenye unyevu. Ukiuchoma wote ng'ombe wale nini? Tusisahau kuna watu wengine wanaishi bondeni.

#6 Binti Kyela
#5 hao ng'ombe wako ndio wanaotembeza ugonjwa kutoka jaruba hadi jaruba. Wanakula mgonjwa, wanaenda kula mzima.

#7 Ng'ombe Hamsini
Tumeanza. Kila kitu bondeni ni ng'ombe. Mafuriko nayo ng'ombe?

#8 Mzalisha Mbegu
#7 mkuu, kwa hili Binti Kyela hajakuonea. Majaribio yamefanyika, ng'ombe na hata panya wanaweza kuhamisha kirusi cha kimyanga kwa kutafuna. Mbawakawa wanaotoboa majani ndio wanaotajwa zaidi, na pia mundu, mikono na miguu ya watu. Kitu ambacho hakihamishi ni mbegu. Ukichukua punje kutoka shamba lililougua ukaipanda mahali safi, haioti na ugonjwa.

#9 Pishori Original
Salamu kutoka Mwea. Nyinyi Watanzania mnalia na kimyanga kama yenu pekee, ilhali kirusi hiki kilitambuliwa mara ya kwanza huku kwetu Kenya, karibu na Kisumu, mwaka wa 1966. Sisi tuna mbegu yetu ya mpunga, Pishori, nayo ni laini kwa magonjwa kama mtoto wa mfalme.

Kwa swali la #1, mbona mnazunguka? Mpunga pori tayari ulishatumika Afrika. Si ndio ulizaa NERICA? Mbegu iko, inalimwa mpaka Uganda.

#10 Mzalisha Mbegu
#9 hapana, hapo turekebishe. NERICA ni chotara wa mpunga wa Asia, Oryza sativa, na mpunga wa Afrika Magharibi, Oryza glaberrima. Glaberrima si wa porini. Ni mpunga uliofugwa na wakulima wa bonde la mto Niger, na mzazi wake wa porini ni barthii. Kazi ile iliongozwa na Monty Jones wa Sierra Leone miaka ya 1990, na mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia pamoja na Yuan Longping wa China.

Huyo Yuan ndiye mwenye mfano wa porini. Mwaka 1970 kisiwani Hainan wasaidizi wake walikuta shina la mpunga pori ambalo chavua yake ni tasa. Shina moja kwenye kinamasi. Kutokana na utasa ule wakaweza kuzalisha mbegu chotara kwa wingi, kwa sababu mpunga hujichavusha wenyewe na bila mama mwenye chavua tasa huwezi kuzalisha chotara kibiashara. Sehemu kubwa ya mpunga chotara wa China ilijengwa juu ya shina lile.

#11 Jiko la Pwani
Wakuu mimi si mkulima ila nimesoma huu uzi wote. Nimewahi kuona mtandaoni mpunga wa porini Marekani ni chakula cha matajiri, paketi ndogo bei ya nguvu. #1 kwa nini usivune huo wa mtaroni ukauza?

#12 Mbongo Minnesota
#11 niko Minnesota, huo ninaouona madukani huku si mpunga hata kidogo. Ni Zizania, nyasi nyingine ya majini, punje nyeusi ndefu. Wenyeji wa hapa, Waojibwe, wanauita manoomin na wanauvuna kwa mitumbwi ziwani, mmoja anaendesha, mwingine anainamisha mabua kwa fimbo na kuyagonga punje ziangukie ndani. Wanaulinda kwa wivu sana, hata watafiti wa chuo wanaochunguza vinasaba vyake wamegombana nao. Lakini kiukoo uko mbali na Oryza ya Kilombero.

#13 Jiko la Pwani
Shukrani #12. Basi nabaki na Supa ya Kahama kwa pilau.

#14 Binti Kyela
Pilau kwa mchele wa Kahama? Wewe hujala mchele wa Kyela.

#15 Pishori Original
Wote wawili hamjala Pishori.

#16 Bwana Shamba Mstaafu
Turudini. #4 ametoa mifano ya Ufilipino na China. Mwenye shamba yuko Mngeta. Nani hapa ameona mbegu yenye kinga ya mpunga pori WA AFRIKA ikamfikia mkulima? Mimi nasema jambo lililo wazi: mpunga pori ni nyumba ya kimyanga. Longistaminata umekutwa porini ukiwa na kirusi hicho hicho. Kuonekana kijani si kinga. Unakibeba, unakaa nacho mwaka mzima kwa kuwa haufi kiangazi, mvua ikianza mbawakawa wanatoka pale wanakuja kwako. Huyo kijani mtaroni ndiye aliyemuua Supa wa #1.

#17 Cheju Yetu
Asalaam alaykum. Mie nalima bonde la Cheju, Unguja. Kwetu tatizo kubwa si ugonjwa, ni kuchanganyika. Mwaka wa kwanza unaona mashina machache marefu yenye masharubu kwenye masuke. Usipoyatoa, baada ya misimu mashineni unatoa mchele wenye punje nyekundu, mnunuzi anaukunja uso. Mpunga pori unachavusha wetu ama wetu unauchavusha? Maana nimeona mtaroni kwetu pia mashina ya ajabu, si ya pori si ya shamba.

#18 Mzalisha Mbegu
#17 swali lako ni zito na linagusa la #1 moja kwa moja.

Mpunga wa shamba hujichavusha wenyewe karibu wote. Longistaminata ni kinyume: haikubali chavua yake mwenyewe, lazima ipate ya shina lingine. Ndiyo maana vifuko vyake vya chavua ni virefu vile, na ndiko jina lake lilikotoka. Kwa hiyo ukiwa karibu na majaruba hupokea pia chavua ya Supa. Mara nyingi kiini cha chotara hao hufa kabla punje haijajaa, ila wachache hupona, na hao ndio mashina yako ya ajabu. Wanaweza kuchavushana tena na pande zote mbili.

Kuna matokeo mawili. La kwanza, mbegu mbili za longistaminata kutoka suke moja si sawa kiurithi, kwa hiyo ndani ya bonde moja kuna utofauti mkubwa kuliko ndani ya magunia yote ya Supa ya wilaya. Wakulima wa kale walipochagua mpunga usiopukutika, mweupe, unaokomaa pamoja, waliacha nyuma sehemu kubwa ya urithi, mzuri na mbaya kwa pamoja. Hilo ndilo jibu la "kwa nini mbegu za dukani hazina".

La pili linaweza kumkatisha tamaa #1. Kwa kuwa unatambaa chini ya udongo, mtaro wako wote, hata kama ni hatua mia, unaweza kuwa mmea MMOJA. Unachokiona kijani si mashahidi mia. Huenda ni shahidi mmoja.

#19 Mngeta Kwetu
Nimefuatisha maelekezo ya #4. Nimechimba. Mashina ya chini yapo, meupe, yamechongoka, moja limepenya kwenye tuta la jaruba langu na kutokea upande wa pili. Kiulimi ni kirefu, laini kama karatasi ya sigara, kimepasuka nilipokivuta. Kwa hiyo ni longistaminata.

Tena nimeona kitu. Nilipofunua ndani ya kichaka, majani ya chini kabisa, ya zamani, mengine yana madoa ya manjano. Ya juu ndiyo kijani. Sasa sijui ni uzee wa jani ama ni kimyanga.

#20 Bwana Shamba Mstaafu
Kimyanga. Nimesema nini?

#21 Mzalisha Mbegu
Bila kupima maabara huwezi kusema. Jani la zamani la nyasi yoyote huingia manjano. Kimyanga huanzia majani machanga, madoa yanajipanga kufuata mishipa ya jani. #19 angalia jani jipya lililofunguka karibuni, ulinyanyue dhidi ya jua.

#22 Msukuma wa Nzega
Mimi nina nadharia nyingine. Ni umri. Kimyanga ikikuta mpunga mchanga inauua, ikikuta mkubwa inaukwaruza tu. Mpunga pori una akiba chini ya ardhi, mvua ya kwanza tu umeshachipua, umeshakomaa mwili kabla mbawakawa hawajawa wengi. Supa yako ilikuwa na wiki chache walipofika. Nimeona hata kwa Supa kwa Supa: aliyewahi kavuna, aliyechelewa kalia. Hakuna haja ya kutafuta jeni hapo.

#23 Binti Kyela
#22 lakini basi mbona majani ya juu ya mpunga pori, yaliyochipua juzi, hayajashikwa? Hayo ni machanga.

#24 Msukuma wa Nzega
Jani changa kwenye mmea mzee si sawa na mche mchanga.

#25 Maabara Kimya
Huwa nasoma tu, leo nachangia. Kinga za kimyanga zinazojulikana vizuri hazikutoka kwa longistaminata. Moja ilitoka kwenye mbegu ya asili ya Msumbiji iitwayo Gigante, ambayo ni mpunga wa Asia uliolimwa na wakulima wa kawaida. Nyingine zimetoka kwa glaberrima wa Afrika Magharibi. Ile ya Gigante inafanya kazi hivi: kirusi kinahitaji kushika protini fulani ya mpunga ili kijizalishe, na kwa Gigante protini hiyo ina badiliko dogo, kirusi kinashindwa kuishika. Kirusi nacho kimeonekana kubadilika na kuipita kinga hiyo mara nyingine, kwa hiyo kazi haijaisha.

Na kuna jambo la kutufanya sisi wa huku tukae sawa. Watafiti waliofuatilia ukoo wa kirusi chenyewe kwa vinasaba wanaelekeza chimbuko lake Afrika Mashariki, maeneo ya milima ya Tao la Mashariki, karne ya 19, mpunga ulipokuwa unasambaa bara. Milima hiyo ndiyo inayomwaga maji Kilombero. Kama kirusi kimeishi na nyasi za bonde hili kabla ya kuingia kwenye mpunga, basi hapa ndipo pa kutafuta mimea iliyojifunza kuishi nacho. #16 anaita nyumba ya kirusi. Mimi naona mmea unaobeba kirusi na kuendelea kuwa kijani nao una kitu cha kutufundisha.

#26 Bwana Shamba Mstaafu
#25 umeandika vizuri, nakuheshimu. Lakini umethibitisha hoja yangu: kinga imetoka kwenye mbegu za wakulima, si kwenye gugu. Kwa nini nguvu zote zisielekezwe kwenye mbegu zetu za asili? Nani anakusanya mbegu za bibi zetu ambazo mbegu ya kisasa ya SARO 5 imezisukuma nje?

#27 Mzalisha Mbegu
Zote mbili mzee. Na uliuliza mfano wa mpunga pori wa Afrika uliomfikia mkulima. Upo. Longistaminata kutoka Mali ulionekana kuhimili ugonjwa wa bakteria unaokausha majani. IRRI walihangaika kuuchanganya na mpunga wa shamba na kuurudisha kwa mzazi kizazi baada ya kizazi, zaidi ya miaka 10, hadi wakabaki na kinga bila ugugu. Jeni ikaitwa Xa21. India wameiingiza kwenye mbegu yao ya Samba Mahsuri pamoja na kinga nyingine mbili, ikatolewa kwa wakulima 2008.

Mwingine ni mpunga wa kudumu. Chuo Kikuu cha Yunnan, China, walichukua longistaminata wenye asili ya Nigeria wakauchanganya na mbegu ya Thailand kwa sababu ya yale yale mashina ya chini unayoyachukia. Mbegu yao, PR23, ilitolewa 2018: unapanda mara moja, unavuna mara mbili kwa mwaka hadi miaka minne, mavuno yakilingana na mpunga wa kawaida. Gugu lako la Usangu ndilo baba.

#28 Cheju Yetu
Miaka minne bila kupandikiza? Wallahi migongo ya akina mama wa Cheju ingepona.

#29 Maabara Kimya
#28 ina masharti. Inataka maji yasikauke kabisa, magugu yanaongezeka kwa kuwa hulimi, na mwaka wa tano mavuno yanashuka. Na kwenye nchi ya kimyanga, mpunga unaokaa shambani mwaka mzima unakuwa daraja la kirusi kutoka msimu hadi msimu, kama alivyosema #16.

#30 Mbongo Minnesota
Hiyo Xa21, si ndiyo Wamarekani waliiba kwa uhandisi jeni wakaiwekea hakimiliki? Mali walipata nini?

#31 Mzalisha Mbegu
#30 uchanganyaji ulifanyika Ufilipino kwa njia ya kawaida, hakukuwa na uhandisi jeni. Jeni yenyewe ilitengwa 1995 na maabara ya Pamela Ronald, Chuo Kikuu cha California, Davis, na chuo kikapata hakimiliki. Walianzisha mfuko ili kampuni zikipata faida zilipe masomo ya vijana wa nchi zilizotoa mimea, Mali ikiwemo. Kampuni hazikufikisha bidhaa sokoni, mrabaha haukuja. Nia ilikuwepo, fedha hazikufika Mali. Ndiyo maana mikataba ni muhimu. Tanzania ni mwanachama wa mkataba wa kimataifa wa rasilimali za mimea ya chakula wa 2001, na benki ya taifa ya mbegu ipo Arusha.

#32 Ng'ombe Hamsini
Benki ya Arusha inaweza kutunza mmea ambao kila mbegu yake ni tofauti? Mmesema wenyewe hapo #18. Ukichukua gunia umechukua watoto, mama kabaki bondeni. Na bonde linalimwa hadi ukingoni mwa mto kila mwaka. Mnabishana kuhusu mtaro mmoja, wakati maeneo ambayo mpunga pori haujawahi kukutana na Supa, kule ndani wanakokaa sheshe, wale swala wa majimaji, ndiyo yanayofyekwa.

#33 Mzalisha Mbegu
#32 hapo umegonga penyewe. Wa karibu na mashamba wameshachanganyika. Wa ndani ndio wenye urithi safi, na hao hawatunziki jokofuni peke yake.

#34 Bwana Shamba Mstaafu
Basi tukubaliane hivi: uachwe huko kwa sheshe, ung'olewe Mngeta.

#35 Binti Kyela
Na kama wenye kinga ni huu huu wa Mngeta, uliokaa na kimyanga ubavuni miaka yote? Wa ndani huenda haujawahi hata kukutana na ugonjwa.

#36 Mngeta Kwetu
Nimesoma kila mchango, asanteni. Nimenyanyua jani jipya dhidi ya jua kama #21 alivyosema: sijaona doa. Ila jirani yangu wa juu ya mfereji naye ana mpunga pori, na wake una michirizi ya manjano waziwazi hadi juu. Kumbe hailingani. Upande wa jaruba nimeshaanza kuchimba mashina ya chini kwa uma, nayakausha juani juu ya tuta. Upande wa mto nimeuacha. #4 au #25, kama kuna mtu wa TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Ifakara anayeweza kuja kuchukua majani ya vichaka vyote viwili, changu na cha jirani, akapime, nitampeleka mwenyewe. Aje kabla mafuriko hayajafunga njia.

#37 Maabara Kimya
Usikate ya jirani na yako kwa kisu kimoja. Nakuja inbox.